Ramani, Dira na Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojifunza Orientiringi

Maswali haya ni yale ambayo wanagenzi huyauliza tena na tena, mengine kabla hawajaanza, mengine wakiwa wamesimama katikati ya msitu na majani kichwani. Mengine niliwahi kuyauliza mwenyewe.

Orientiringi ni mchezo gani hasa?

Ni mchezo wa kusaka vituo kwa ramani na dira, iwe msituni, kwenye mbuga au katikati ya mji. Unapewa ramani iliyochorwa safari yako kwa rangi ya zambarau: pembetatu ni pa kuanzia, kila duara ni kituo, na maduara mawili, moja ndani ya jingine, ni mwisho. Vituo huvipitia kwa mpangilio uliopewa, lakini njia ya kufika kwenye kila kimoja hakuna anayekupangia. Hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo.

Ukifika mahali penyewe, kituo ni kibendera chenye pande tatu, kila upande sentimita 30 kwa 30, nusu nyeupe na nusu rangi ya chungwa. Pembeni pana kifaa cha kutobolea kadi, au cha kielektroniki kinachorekodi kwamba umefika. Kila kituo kina namba ya utambulisho, nayo huanzia 31 kwenda juu, mtu asije akaichanganya na namba ya mpangilio. Waandaaji hukwepa pia namba kama 66, 68 na 86, kwa sababu ukizisoma zikiwa kichwa chini zinageuka kuwa namba nyingine. Usipohakiki namba hiyo ukarekodi kituo kisicho chako, matokeo yako yanafutwa hata kama ulikimbia kama swala.

Ulianzia wapi?

Skandinavia, kwa wanajeshi. Neno lenyewe lilianza kutumika Uswidi mwaka 1886, likimaanisha kuvuka nchi usiyoijua kwa msaada wa ramani na dira. Mashindano ya kwanza ya wazi kwa raia yalifanyika Norwei mwaka 1897. Aliyeupa mchezo umbo tunalolijua ni meja wa Uswidi, Ernst Killander, aliyeandaa mashindano makubwa karibu na Stockholm mwaka 1919. Shirikisho la kimataifa, IOF, liliundwa Copenhagen mwaka 1961, na mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika Ufini mwaka 1966.

Nianze kujifunza ramani au dira?

Ramani. Najua dira ndiyo inayovutia macho, ina sindano inayochezacheza na namba za kuzungusha. Lakini dira inajua jambo moja tu: kaskazini iko wapi. Haijui wewe uko wapi. Anayeijua ramani bila dira atafika, ila kwa kuchelewa. Anayeijua dira bila ramani atakwenda upesi sana mahali asipopajua. Wiki zako mbili tatu za mwanzo, ifiche dira mfukoni.

Ramani ya mchezo huu ina tofauti gani na ramani za kawaida?

Ina mambo mengi zaidi kwenye eneo dogo. Jabali refu kama mtu limo, kishimo kimo, uzio umo, hata mti mmoja unaojitokeza peke yake umo. Kitu kinachowachanganya karibu wote siku ya kwanza ni rangi nyeupe. Mtu akiona nyeupe hudhani ni uwanda usio na kitu. Sivyo: nyeupe ni msitu ambao unaweza kukimbia ndani yake bila kizuizi. Kijani ni mahali ambapo mimea inakuzuia, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo utakavyosota. Kijani kilichokolea kabisa kikwepe, hata kama kituo kiko upande wa pili na macho yanakuambia ni hatua chache tu. Njano ni mahali wazi, buluu ni maji, kahawia ni umbo la ardhi, na nyeusi ni miamba pamoja na vitu vilivyojengwa na watu, zikiwemo njia.

Kaskazini ya ramani hizi ni ya sumaku, ile ile ambayo sindano inaielekea. Mistari ya kaskazini imechorwa kutoka chini hadi juu ya karatasi, na utaihitaji sana tukifika kwenye dira.

Skeli ya 1:10,000 ina maana gani nikiwa natembea?

Kwamba sentimita moja kwenye karatasi ni mita 100 ardhini, na milimita moja ni mita 10. Kwenye 1:15,000 sentimita hiyo hiyo ni mita 150. Kwenye ramani za mbio fupi za mjini, za 1:4,000, ni mita 40. Itazame skeli kabla hujaondoka. Aliyezoea 1:10,000 akipewa 1:15,000 husimama kabla hajafika kila mara, kisha hulalamika kwamba kibendera kimeibwa.

Mistari ya kontua inanichanganya. Nifanye nini?

Kunja ngumi na uiweke juu ya meza. Chukua kalamu, zungushia mstari kila kifundo cha kidole karibu na kilele chake. Shuka kidogo, zungusha mwingine. Shuka tena, na safari hii mstari utavizunguka vifundo vyote kwa pamoja, ukiingia ndani kila unapofika kati ya kidole na kidole. Itazame ngumi kutoka juu: una vilele vinne na vibonde vitatu. Sasa fungua mkono taratibu hadi ulale bapa. Milima imelala, mistari imebaki. Hiyo ndiyo ramani.

Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo sawa. Kutoka mstari mmoja hadi unaofuata mara nyingi ni mita 5, au mita 2.5 kama eneo ni tambarare. Ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, unaweza kupumua. Hilo wengi hulielewa haraka. Panapowasumbua ni kutofautisha bonde na mgongo wa kilima, kwa sababu kwenye karatasi vyote viwili ni mikunjo tu. Iangalie ngumi yako tena. Kati ya vidole, mstari unapinda kuelekea juu: hilo ni bonde, maji yangepita hapo. Kwenye kidole chenyewe, mstari unatokeza kuelekea chini: huo ni mgongo. Ukiona mstari wa buluu unapita kwenye mikunjo, kazi imekwisha, maana mto haupandi mgongo. Na pale ambapo juu na chini havijulikani, wachoraji huongeza kistari kifupi kinachochomoza kwenye kontua, nacho huelekea chini. Duara lenye vistari vinavyotazama ndani si kilima, ni shimo.

Mimi kontua ndizo ninazoziamini kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi. Njia mpya huchimbwa, uzio hung'olewa, kichaka hukua kikamezwa na msitu. Kilima hakihami.

Wanaposema "elekeza ramani" wanamaanisha nini?

Kwamba uigeuze ramani hadi kaskazini yake ikae sawa na kaskazini ya ardhini pale ulipo. Kilicho kulia kwako ardhini kiwe kulia kwako kwenye ramani. Ukielekea kusini, maandishi yatakuwa kichwa chini, na hilo halina ubaya wowote. Hukuja kusoma maandishi. Kila unapokata kona, ramani inazunguka upande wa pili mkononi mwako, kana kwamba imebandikwa kwenye ardhi na wewe ndiye unayeizunguka.

Ikunje ibaki saizi ya kiganja, sehemu unayoitumia ikiwa juu, kisha weka kidole gumba pale ulipo. Ukifika kwenye njia panda, sogeza kidole. Ukivuka kijito, sogeza kidole. Nimewaona watu wenye nguvu na mbio za ajabu wakishindwa na mzee anayetembea, kwa sababu mzee kidole chake hakijawahi kutoka kwenye karatasi.

Dira gani inafaa kwa anayeanza?

Dira yenye bamba la plastiki linalopenyeza mwanga na duara linalozunguka. Aina hii ilibuniwa Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na haijabadilika sana tangu hapo. Ipo pia dira ya gumba, inayovaliwa kwenye kidole hicho hicho kinachofuata ramani; wakimbiaji wengi huishia huko, ila usianze nayo. Dira iliyojaa vioo na vifuniko mwachie mpima ardhi.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kununua: dira imesawazishwa kwa ukanda gani wa dunia? Uvutano wa sumaku ya dunia hauendi mlalo tu, unainama pia kuelekea ardhini, na mwinamo huo hutofautiana kati ya kaskazini na kusini ya ikweta. Dira iliyotengenezewa nchi za kaskazini, ikipelekwa kusini ya mbali, sindano yake huinama ikakwaruza chini na kukwama. Zipo zinazotengenezwa kufanya kazi kote.

Nitumieje dira hatua kwa hatua?

Tuseme uko kwenye njia panda, na kituo kiko kwenye kidimbwi mita 400 kutoka hapo, katikati ya msitu usio na njia.

Laza dira juu ya ramani, ukingo mrefu wa bamba uguse njia panda na kidimbwi. Mshale wa safari, ule uliochorwa mbele ya bamba, uelekee kwenye kidimbwi. Shikilia hapo usiteleze. Zungusha duara hadi mistari iliyo ndani yake iwe sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani, na mshale uliochorwa chini ya sindano uelekee kaskazini ya ramani. Katika hatua hii usiiangalie sindano kabisa, haina kazi. Sasa inua dira, ishike mbele ya kifua ikiwa mlalo, ugeuke mwili mzima, miguu kwa mabega, hadi ncha nyekundu ya sindano ikae ndani ya mshale uliochorwa. Mshale wa safari unakuonyesha kidimbwi kilipo.

Usitembee ukiwa umeinamia dira. Inua macho, chagua mti au jabali lililo kwenye mstari huo, kadiri lilivyo mbali ndivyo bora, uende hadi hapo. Kisha pima tena. Ukikosea kwa nyuzi 5 tu, baada ya mita 400 utakuwa umepotoka kwa mita 35 hivi. Kwenye msitu mzito kidimbwi unaweza kukipita bila kukiona.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuigeuza dira kinyume, ukaondoka kwa ujasiri kuelekea ulikotoka. Jua linaweza kukuokoa hapo: kama ni asubuhi na unakwenda mashariki, haliwezi kukuchoma kisogoni.

Je, nirekebishe tofauti ya kaskazini ya sumaku?

Kwenye ramani za mchezo huu, hapana. Marekebisho hayo ameshayafanya mchoraji. Kwenye ramani za kawaida zinazofuata kaskazini ya kweli, yaani ile inayoelekea ncha ya dunia na si inakoelekea sindano, ndiyo. Tofauti huandikwa pembeni mwa ramani, pamoja na mwaka iliopimwa, maana hubadilika kidogo kidogo kila mwaka. Unapotoka kwenye ramani kwenda ardhini: kaskazini ya sumaku ikiwa mashariki ya kaskazini ya kweli, toa nyuzi hizo kwenye zile ulizopima kwenye ramani, ikiwa magharibi, jumlisha. Kuipuuza nyuzi 10 ni kupotoka zaidi ya mita 170 kwa kila kilomita.

Kwa nini dira yangu inanidanganya?

Mara tisa katika kumi haidanganyi, ni wewe huiamini. Lakini ile mara ya kumi ipo. Nilipokuwa bado mgeni nilikuwa nikiishika dira kifuani kama nilivyofundishwa, na kila nikisimama mstari unapinda kushoto. Nikabadili mkono, nikaigonga gonga, nikailaumu kwa sauti. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, chini ya dira kwa upana wa kiganja, na simu ina sumaku ndani ya spika. Nilipoihamishia kwenye mfuko wa nyuma wa begi, sindano ikatulia. Magari, uzio wa chuma, nyaya za umeme mkubwa na dira nyingine iliyo karibu vina tabia hiyo hiyo. Na usiihifadhi dira pamoja na simu droo moja; sumaku yenye nguvu inaweza kuigeuza sindano, nyekundu ikaanza kuonyesha kusini.

Umbali naupimaje bila kifaa?

Kwa kuhesabu hatua. Pima mita 100 kwenye ardhi tambarare, itembee, na uhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Watu wengi hupata kati ya 60 na 70. Rudia ukikimbia, kisha kwenye kichaka, kisha mlimani. Namba zitatofautiana sana, nawe uzijue zote. Kuhesabu kunachosha, kwa hiyo usihesabu safari nzima. Hesabu kipande cha mwisho tu, pale ambapo ukizidisha mita 50 utakuwa umeharibu.

Niende moja kwa moja au nizunguke njiani?

Swali hili ndilo mchezo wenyewe. Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba kupanda mita 10 kunakugharimu sawa na kukimbia mita 100 za ziada kwenye tambarare. Kwa hiyo kilima cha kontua sita, yaani mita 30, ni sawa na mzunguko wa mita 300. Lakini hesabu hiyo haijui kama una pumzi.

Anayeanza namshauri afikirie kinyumenyume, kutoka kwenye kituo kurudi alipo. Karibu na kituo pana kitu gani kikubwa ambacho siwezi kukikosa? Labda njia panda, pembe ya shamba, daraja. Hapo ndipo pa kulenga kwanza, na kutoka hapo ndipo utumie dira na kuhesabu hatua. Kufika hapo, tafuta kitu kirefu cha kufuatana nacho: njia, mto, ukuta, ukingo wa msitu. Ukiwa umekifuata, unaweza kukimbia bila kufikiri sana. Kisha jiulize: nikikipita kituo, kitu gani kitanizuia? Kama nyuma yake kuna barabara, vizuri, barabara itakukamata. Kama hakuna chochote, punguza mwendo mapema.

Kuna pia hila ya kukosea kwa makusudi. Kituo kiko kwenye daraja, nawe unautafuta mto ukitokea msituni. Ukilenga daraja lenyewe, ukafika mtoni na daraja halionekani, utageuka kulia au kushoto? Hujui. Basi lenga mita 50 kushoto kwa daraja. Ukifika mtoni, unajua bila kubahatisha kwamba ni kulia.

Nimepotea. Sasa?

Simama. Neno hili ni fupi lakini sijaona linalokaidiwa zaidi. Aliyepotea hukimbia, kana kwamba kutojua alipo ni joto linaloweza kupozwa kwa upepo.

Siku moja nilikuwa natafuta kituo kwenye makutano ya vijito viwili. Nikafika kwenye makutano, kibendera hakipo. Ramani ilionyesha jabali upande wa kushoto. Jabali sikuliona, nikajiambia limefunikwa na majani. Ilionyesha uzio, nikajiambia umeng'olewa. Kijito kilitakiwa kutiririka kunijia, chenyewe kilikuwa kinaniacha. Hilo nalo nikalitafutia sababu. Nilizunguka hapo dakika 25 nikiirekebisha dunia ikubaliane na kidole changu. Nilikuwa kwenye makutano mengine kabisa, mita 300 kutoka kwenye yale niliyoyataka.

Kwa hiyo: simama, elekeza ramani kwa dira, halafu jiulize maswali kwa mpangilio. Mara ya mwisho nilikuwa na hakika niko wapi? Hakika, si kudhani. Ni dakika ngapi zimepita, na kwa mwendo gani? Nilikuwa naelekea wapi, na nimevuka nini? Majibu hayo yanakupa eneo dogo kwenye karatasi, na wewe umo ndani yake. Kisha tazama umbo la ardhi: mteremko unashuka upande gani? Vitu vitatu visipokubaliana na ramani, hauko pale unapodhani. Usipopata jibu kwa dakika mbili tatu, rudi kwenye mahali pa uhakika pa mwisho. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko dakika 25.

Ikishindikana kabisa, fuata uelekeo wa usalama, ambao waandaaji huutaja mapema, kwa mfano "nenda kusini hadi barabara kuu". Ukiumia, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Anayekusikia hujibu kwa milio mitatu.

Na hata ukikata tamaa, pita mwisho uripoti. Kuna watu wamelala kitandani wametulia huku wengine wanawasaka msituni kwa tochi.

Kwa nini nisitumie tu simu yenye GPS?

Kwenye mashindano hairuhusiwi kukuongoza. Kwenye safari zako mwenyewe ibebe begini, bila kuitazama, kwa dharura. Na ikirekodi nyayo zako, zitazame ukifika nyumbani: chora kwanza kwa kalamu njia unayodhani ulipita, kisha linganisha. Ni somo la kuaibisha na la manufaa makubwa.

Nivae na nibebe nini?

Suruali ndefu au soksi ndefu, viatu vinavyong'ata ardhi, filimbi, maji. Ramani iwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Ni lazima nikimbie?

Hapana. Tembea hadi uweze kusoma ramani bila kusimama, ndipo uongeze kasi. Wapo pia wanaocheza kwa baiskeli na kwa skii, na upo mtindo ambao muda wa mwendo hauhesabiwi kabisa: unasimama mahali maalumu, unaona vibendera kadhaa kwa mbali, unaamua kipi ndicho kilicho kwenye ramani. Wenye ulemavu wa miguu hushindana humo sawa na wengine.

Watoto wanaanza na umri gani?

Akiweza kufuata mstari kwa kidole, ameanza. Mchoree ramani ya chumba, ficha kitu, weka alama. Watoto hujifunza kugeuza ramani upesi kuliko wazazi wao, maana hawajazoea kwamba maandishi lazima yasimame wima.

Karibu nami hakuna klabu. Nifanyeje mazoezi?

Chukua ramani yoyote yenye kontua ya eneo unaloweza kutembea. Chora safari ya vituo vitano, kila kimoja kwenye kitu dhahiri: njia panda, kilele, mahali mto unapopinda. Kabla ya kila kipande, simama na useme kwa sauti utakachokiona: "Nitapanda kidogo, njia itapinda kushoto, kutakuwa na bonde kulia kwangu, kisha njia panda." Halafu nenda. Kila ulichokitaja kikitokea, sogeza kidole. Kitu usichokitaja kikitokea, simama hapo hapo.

Ukimaliza, fanya safari ile ile kinyumenyume. Utashangaa jinsi isivyofanana na ile uliyotoka kuipita.